Matone ya mtoto njiti: kupima madini chuma na vitamini D ukiwa nyumbani

Mtoto njiti akiruhusiwa kutoka wodini, mara nyingi mama hukabidhiwa kadi, chupa moja au mbili za dawa, na maelekezo ya haraka haraka mlangoni. Chupa hizo ni virutubisho: madini chuma, vitamini D, pengine mchanganyiko wa vitamini. Zinaonekana za kawaida kwa sababu zina ladha tamu na zinauzwa duka la dawa bila maswali mengi. Lakini kwa mtoto wa kilo 1.8 kipimo sahihi cha chuma kinaweza kuwa matone matatu au manne tu, na kijiko kimoja cha chai cha dawa ileile kinaweza kumuua.

Mwongozo huu ni wa wazazi na walezi wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, ambaye chakula chake ni maziwa ya mama. Kipimo anachokupa daktari ndicho cha kufuata. Kazi yetu hapa ni kukusaidia ukielewe, ukipime sawasawa, na ujue mapema kikikosewa.

Kwa nini maziwa ya mama peke yake hayatoshi

Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha njiti, hilo halina mjadala. Shida iko kwenye akiba. Sehemu kubwa ya madini chuma, kalisi na fosforasi ya mtoto huingia mwilini mwake katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Aliyezaliwa wiki ya 30 ameondoka kabla mzigo huo haujapakiwa, kisha anakua kwa kasi kubwa kuliko mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni.

Tazama hesabu. Mtoto wa kilo 1.8 akinywa mililita 160 kwa kila kilo hupata mililita 288 za maziwa kwa siku. Chuma kilichomo humo hakifiki hata miligramu 0.2, wakati mahitaji yake ni kuanzia miligramu 3.6. Mama akila maini kila siku, damu yake yeye itaongezeka, na ni vizuri ale, lakini chuma cha kwenye maziwa hakitapanda. Kwa hiyo mtori, dagaa, matembele na uji wa pilipili manga ni vya kumpa mama nguvu. Chuma cha mtoto kinatoka kwenye matone.

Vitamini D nayo ni chache sana katika maziwa ya mama. Wengi hutegemea kumwotesha mtoto jua la asubuhi. Jua la saa moja au saa mbili asubuhi lina kiasi kidogo mno cha ile miale inayotengeneza vitamini D, ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi, na njiti aliyevuliwa nguo nje hupoteza joto upesi. Usiliweke jua mahali pa matone.

Hatua ya 1: Maziwa na joto kwanza

Kirutubisho hakiwezi kuokoa mtoto anayepata maziwa pungufu. Kabla ya kufungua chupa yoyote, hakikisha mambo haya mawili.

Maziwa: mtoto aliyekwisha kufikia kiwango kamili hupewa kati ya mililita 150 na 180 kwa kila kilo kwa siku. Kwa yule wa kilo 1.8 tuliyemtaja, mililita 288 zikigawanywa kwa milo 8, kila saa 3, ni mililita 36 kwa mlo. Kama bado hawezi kunyonya moja kwa moja, mpe kwa kikombe kidogo safi. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki ya 34 ikihesabiwa tangu ujauzito ulipoanza, kwa hiyo asiyeweza leo si mvivu, bado hajafika. Mama akamue mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ikiwemo, maana anayeruka usiku huona maziwa yakipungua ndani ya siku chache. Usimwage yale mazito ya mwishoni mwa kukamua, ndiyo yenye mafuta mengi.

Joto: mtoto wa baridi huchoma maziwa yake kujipasha moto badala ya kukua. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu, akiwa na nepi, kofia na soksi, amefungwa kwa khanga au kitenge kilichobana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakatolewa 2021, uliwafuata watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliobebwa hivyo tangu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28, dhidi ya karibu 16 kwa waliosubiri hadi hali zao zitulie. Hakuna chupa ya vitamini yenye rekodi kama hiyo. Baba au bibi naye anaweza kumbeba mama akipumzika.

Hatua ya 2: Jua kila chupa ni ya nini

Kabla ya kutoka hospitali, muulize muuguzi au daktari maswali haya na uandike majibu kwenye kadi ya kliniki: dawa hii ni ipi, ni miligramu ngapi kwa kila kilo, ni mililita ngapi kwa chupa hii hasa, inaanza lini, inaisha lini. Neno "mpe kidogo kidogo" si jibu.

Madini chuma. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ni miligramu 2 hadi 4 za chuma halisi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa njiti anayekunywa maziwa ya mama na asiyepata chuma kwingine. Kwa kawaida huanza akiwa na umri wa wiki 2 hivi kwa wale wadogo sana, wengine baadaye kidogo, na huendelea mpaka miezi 6, mara nyingine hadi mwaka. Mtoto aliyeongezewa damu mara kadhaa wodini anaweza kuwa tayari na chuma cha kutosha, kwa hiyo kumbusha daktari kabla hajaandika. Mtoto mwenye maambukizi makali pia husubiri. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ina malaria, chuma kinakwenda pamoja na chandarua chenye dawa kila usiku.

Vitamini D. Kipimo cha kawaida ni IU (yuniti za kimataifa za kupimia vitamini) 400 kwa siku, ambazo ni maikrogramu 10. Kwa watoto waliozaliwa chini ya kilo 1.5 madaktari wengine huandika zaidi, lakini uamuzi huo ni wao.

Mchanganyiko wa vitamini huwa na A, C, D na baadhi ya vitamini B. Hapa ndipo watu hujikuta wakitoa dawa mara mbili: ndani ya mchanganyiko mna vitamini D tayari, na pembeni kuna chupa nyingine ya vitamini D. Soma lebo zote mbili, jumlisha, kisha uliza.

Kalisi, fosforasi na zinki hutolewa kwa baadhi ya watoto wadogo sana, kwa kipimo cha hospitali na mara nyingi baada ya vipimo vya damu. Usivinunue mwenyewe. Vidonge vya zinki vilivyobaki nyumbani kutoka kwa mtoto aliyeharisha si vyake huyu.

Halafu kuna unga wa kurutubisha maziwa ya mama, unaotumika kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5. Ni wa wodini, na hospitali nyingi hazina. Pengo hilo lisijazwe nyumbani kwa kuchanganya unga wa maziwa ya kopo ndani ya maziwa ya mama. Mchanganyiko mzito kupita kiasi huchosha utumbo mchanga wa njiti, na unga huo haujaondolewa vijidudu vyote: hata kabla ya kufunguliwa unaweza kubeba vinavyomshinda. Mtoto asiyeongezeka uzito kwa maziwa ya mama arudishwe kliniki achunguzwe.

Na ikiwa mtoto anakunywa maziwa ya kopo ya njiti, yana chuma na vitamini D tayari. Mwambie daktari jina la maziwa na kiasi anachokunywa kabla ya kuongeza tone lolote.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya chuma

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi yako hapa.

Chuma kwenye chupa hakipo peke yake, kimefungwa ndani ya chumvi ya kikemia, si ile ya kupikia. Lebo inaweza kutaja uzito wa chumvi nzima kwa maandishi makubwa na uzito wa chuma halisi kwa maandishi madogo. Unachotafuta ni maneno "elemental iron". Kuna dawa ya maji, kwa mfano, yenye miligramu 140 za chumvi katika mililita 5, ambamo chuma halisi ni miligramu 45 tu. Anayehesabu kwa 140 atampa mtoto theluthi moja ya anachohitaji, na damu yake itashuka taratibu huku mama akiamini anampa dawa.

Hesabu yenyewe ina mafungu matatu:

Uzito kwa kilo × miligramu kwa kilo = chuma cha siku.
Miligramu za chuma halisi kwenye chupa ÷ mililita zilizotajwa = nguvu ya kila mililita.
Chuma cha siku ÷ nguvu ya kila mililita = mililita za kuvuta.

Mtoto wa kilo 1.8, kwa miligramu 2 kwa kilo, anahitaji miligramu 3.6. Chupa ya matone yenye miligramu 25 kwa mililita 1: 3.6 ÷ 25 ni 0.144, unavuta karibu mililita 0.15. Chupa ya dawa ya maji yenye miligramu 50 kwa mililita 5, yaani 10 kwa mililita: unavuta mililita 0.36. Ile ya 45 kwa mililita 5, yaani 9 kwa mililita: 0.4.

Mtoto ni yuleyule, siku ni ileile, na vipimo ni vitatu tofauti. Ndiyo maana chupa ikiisha na duka likakupa ya kampuni nyingine, hesabu ya zamani imekufa. Usitumie alama uliyochora kwenye bomba la sindano. Rudi kwenye lebo, au mpigie muuguzi umsomee lebo nzima.

Sasa tazama kosa la upande wa pili. Mtu akichukua chupa ya matone ya miligramu 25 kwa mililita, akadhani ni ya maji, akampa nusu kijiko cha chai, yaani mililita 2.5, mtoto huyo wa kilo 1.8 amepata miligramu 62.5, karibu 35 kwa kila kilo. Dalili za sumu ya chuma huanza kuonekana kuanzia takriban miligramu 20 kwa kilo, na kuanzia 60 maisha ya mtoto yamo hatarini. Vidonge vya damu vya mama mjamzito vina chuma halisi karibu miligramu 60 kila kimoja: kusaga "kipande kidogo" na kumkorogea njiti ni hatari isiyo na kisingizio. Vifungie mbali pia na kaka na dada zake wanaotambaa na kutembea.

Uzito ukipanda, kipimo nacho hupanda. Yule wa kilo 1.8 akifika 2.7 atahitaji miligramu 5.4, na kwenye chupa ya 25 ni mililita 0.22 badala ya 0.15. Muombe muuguzi apige hesabu upya kila mahudhurio. Usipandishe mwenyewe kwa kukisia kwamba amenenepa.

Hatua ya 4: Soma chupa ya vitamini D kwa macho mawili

Kuna chupa zenye IU 400 ndani ya tone moja, na zipo zenye IU 400 ndani ya mililita nzima. Kwa macho zinafanana. Mililita moja ina zaidi ya matone 20, kwa hiyo anayevuta mililita 1 kutoka chupa ya tone moja amempa mtoto zaidi ya IU 8,000. Marekani, mamlaka ya dawa ilitoa onyo juu ya kosa hili mwaka 2010, kwa sababu chupa zilikuwa zikija na vipimio vinavyoweza kubeba zaidi ya kipimo cha mtoto mchanga. Vitamini D iliyozidi hupandisha kalisi katika damu: mtoto hukataa maziwa, hutapika, hufunga choo, hukojoa sana, na figo huumia.

Tumia kipimio kilichokuja na chupa hiyo tu, na usikihamishie kwenye chupa nyingine.

Hatua ya 5: Pima na mpe

Nunua bomba la sindano la mililita 1, bila sindano, lenye alama ndogo ndogo za sehemu ya mia. La mililita 5 haliwezi kupima 0.15 kwa uhakika. La insulini usilitumie, alama zake ni za yuniti na sindano yake mara nyingi haitoki. Kijiko cha nyumbani kiweke kabisa pembeni.

Nawa mikono. Tikisa chupa ya dawa ya maji. Vuta dawa, ligonge bomba hewa ipande, isukume itoke, kisha usome alama ukiwa umeliinua usawa wa macho penye mwanga. Kwenye kipimo kidogo hivi, povu moja la hewa linaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya dawa.

Mtoto awe macho, ametulia, kichwa kimeinuka mkononi mwako au kifuani. Weka ncha ndani ya shavu, sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena. Usimwage kooni, na usimpe akiwa analia au amelala chali. Hilo lina uzito zaidi kwa matone ya vitamini yenye mafuta, maana mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia mbaya. Tone la mafuta unaweza kulidondosha kwenye chuchu safi kisha ukamnyonyesha.

Usichanganye dawa kwenye kikombe kizima cha maziwa, asipomaliza hutajua amepata kiasi gani. Mpe mwanzoni mwa mlo. Anayecheua sana anaweza kupewa chuma asubuhi na vitamini jioni.

Akitapika baada ya dawa, usirudie. Ukisahau siku moja, endelea kesho kwa kipimo cha kawaida bila kuongeza mara mbili. Osha bomba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa, liache likauke, na ulibadilishe alama zikianza kufutika.

Hatua ya 6: Andika, pima uzito, angalia choo

Daftari moja linatosha: tarehe, uzito, mililita za chuma, tone la vitamini, maziwa, choo. Baba, bibi na dada wa kazi wote waandike hapo, la sivyo mtoto atapewa dawa asubuhi na watu wawili.

Uzito upimwe kwa mizani ileile, bila nguo, kabla ya kulishwa. Njiti hupungua siku za mwanzo na hurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Baada ya hapo lengo ni gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, ambazo kwa wa kilo 1.8 ni gramu 27 hadi 36. Akivuka kilo 2, gramu 20 hadi 30 kwa siku ni mwendo mzuri. Usikate tamaa kwa siku moja ya chini. Siku tatu mfululizo bila kuongezeka ni sababu ya kwenda kliniki, na huko kwanza waangalie maziwa, kunyonya, joto na maambukizi, kabla ya kufikiria vitamini.

Choo kikigeuka cheusi au kijani kibichi iliyokolea baada ya kuanza chuma, ni chuma hicho, usikate dawa. Choo chenye damu nyekundu, au cheusi cha kunata kama lami kwa mtoto anayeonekana mgonjwa, ni jambo lingine: nenda hospitali.

Damu ya njiti hushuka zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 8 hata akitunzwa vizuri. Angalia viganja, nyayo na ndani ya kope. Akipauka, akachoka katikati ya kunyonya, akahema haraka na uzito ukasimama, apimwe damu. Kumuongezea chuma nyumbani hakutaipandisha siku hiyo.

Vya kutompa kabisa

Maji ya glukosi, maji ya kuondoa gesi, dawa ya mchango, asali, juisi ya rozela au ya bitiruti "ya kuongeza damu", maziwa ya ng'ombe, uji mwepesi. Tunajua vinatoka kwa watu wanaompenda mtoto, shangazi na bibi ambao wamelea wengi. Lakini tumbo la njiti ni dogo sana, na kila kijiko cha maji ya sukari kinachukua nafasi ya maziwa. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya kupumua. Dawa za kuongeza hamu ya kula humlaza usingizi mzito akakosa kunyonya. Unga wa bakteria wazuri hutumika kwa uangalizi katika baadhi ya wodi, lakini ule wa dukani usimpe, kwa kuwa bakteria hao hao wanaweza kuingia kwenye damu ya mtoto mdogo.

Usisubiri kesho

Tumbo kuvimba na kukakamaa, matapishi ya kijani, choo chenye damu: hizi ni dalili za utumbo kuoza, ugonjwa unaowawinda njiti. Acha kumlisha, mweke kifuani, nenda hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo akikataa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kikiingia ndani, akisimama kupumua, akipata degedege, akiwa wa baridi hata baada ya kubebwa kifuani, au viganja na nyayo vikiwa vya njano. Ukigundua amezidishiwa dawa, nenda na chupa yenyewe hata kama anaonekana mzima. Sumu ya chuma ina kipindi cha utulivu cha saa kadhaa kinachodanganya.

Lini kuacha

Acha siku uliyoandikiwa, wala si siku anapoanza kunenepa. Kitambi cha maziwa hakionyeshi chuma kilichobaki mwilini, na wengi huishiwa damu baada ya mama kuacha matone mtoto akiwa na miezi mitatu kwa kuona amependeza. Akifika miezi 6 kliniki itampa vitamini A ya IU 100,000. Onyesha chupa ya mchanganyiko wa vitamini anayotumia ili wajue anapata A kiasi gani kila siku. Chakula cha nyongeza kikianza, uliza kama ufuate umri wa kuzaliwa au umri uliorekebishwa, ule unaopatikana kwa kutoa wiki alizowahi: aliyezaliwa wiki ya 32 na sasa ana miezi 6, kwa hesabu hiyo ana miezi 4 hivi. Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa. Chuma huendelea hadi chakula chenye nyama, maini, dagaa na maharage kimezoeleka na daktari amesema basi. Chupa iliyobaki irudishe duka la dawa au kliniki, usiigawe kwa jirani mwenye njiti mwingine, kwa sababu kipimo kilichoandikwa juu yake ni cha uzito wa mtoto wako.